Dole Gumba la Shamba la Mwamini

Mheshimiwa aliyesimama mbele ya vipaza sauti mjini Ruangwa alitamka, na waliokuwepo wakapiga makofi, kwamba salfa ya ruzuku ya msimu huu, dawa ya unga ya kupulizia mikorosho, imemfikia kila mkulima wa korosho aliyeandikishwa. Kwamba kila mmoja ameipokea kwa kidole chake mwenyewe, bila mtu wa kati. Kwamba zoezi zima limekwenda kwa amani na utulivu. Na kwamba hadi siku hiyo ofisi haikuwa imepokea lalamiko hata moja. Maneno hayo yalisomwa redioni asubuhi na jioni. Yachukuliwe kama yalivyo, maana kila moja lina ushahidi wake.

Katika hesabu hiyo limo shamba la Mwamini, wa Nkowe. Kwenye kitambulisho anaitwa Mwamini Habibu, lakini kijijini wanamwita Mwamini wa Mwanawetu, kwa jina la mama yake, kwa sababu Habibu hakuwa na mkorosho hata mmoja na Mwanawetu alikuwa nayo mpaka bondeni. Kwao shamba halitoki kwa baba kwenda kwa mtoto. Linafuata tumbo: la bibi likaenda kwa mama, la mama likaja kwa binti. Mwanamume anayeoa hapo anakuja na jembe lake, nguo zake na adabu zake, na siku akiondoka anaondoka na hivyohivyo, mara nyingi pungufu ya adabu.

Ukoo wa Mwanawetu ulikuwa wa watu wa kufupisha maneno. Mwamini akiwa bado hajaota meno ya ukubwani, jirani mmoja alikata mkorosho wa mpakani na kusogeza mpaka kidogo, si sana, kiasi cha kivuli. Mwanawetu alikuwa anatwanga. Aliuchukua mchi, akavuka mpaka wa zamani na ule mpya, akamvunja jirani bega, kisha akarudi kumalizia kutwanga kwa mchi uleule. Mpaka ulirudi ulipokuwa. Mwamini aliliona tukio zima akiwa amekaa juu ya kinu kingine kilicholala, na wenye kumjua wanasema ndiyo shule pekee aliyoimaliza.

Kazi aliyobaki nayo maishani ni kubangua. Korosho, kwa wanaozijua zikiwa zimeshafungwa kwenye pakiti na chumvi yake, ni kitu cha upole. Kwa wanaozibangua si hivyo. Ganda lina mafuta yanayokula ngozi kama tindikali. Ukizikaanga juu ya bati lililotobolewa, mafuta yanashika moto, moshi unapanda mweusi na kukutoa machozi hata ukiwa huna huzuni, halafu unazipasua moja moja kwa rungu huku vidole umevipaka majivu. Majivu yanasaidia kidogo. Mwamini alibangua tangu utotoni, baadaye binti yake Yasmini akiuza stendi ya Nachingwea, na kila msimu ngozi ya vidole ilitoka, ikaja nyingine, ikatoka. Mwishowe ilikuja ngozi laini isiyo na alama yoyote, inayong'aa kama kucha. Aliweza kushika kaa la moto na kulihamisha bila haraka. Watu walidhani ni dawa.

Mumewe, Kaimu, alitoka Narung'ombe na baiskeli. Alikuwa fundi wa baiskeli, mpole kwa miaka mingi, anapalilia anapoambiwa na kula anapoitwa. Korosho hakuwahi kubangua hata moja. Alisema moshi unamkera, na hakuna aliyemlazimisha, kwa kuwa ile haikuwa kazi ya wanaume. Ndiyo maana vidole vyake vilikuwa vizuri.

Siku ya kuandikisha mikorosho, afisa kijana anayeitwa Edwin alifika Nkowe na mashine ndogo yenye kioo kinachotoa mwanga mwekundu. Aliweka meza nje ya ghala la chama cha msingi cha ushirika, watu wakajipanga.

"Weka dole gumba, mama. La kulia."

Mwamini akaweka. Mashine ikalia mlio wa kukataa.

"Futa jasho."

Akafuta kwenye kanga. Ikakataa.

"Bonyeza kidogo."

"Nimebonyeza."

"Usibonyeze sana."

Walijaribu la kushoto, kisha vyote vilivyobaki, na mashine ikavikataa kwa sauti ileile, bila upendeleo. Edwin aliushika mkono wa Mwamini, akaugeuza juani.

"Mama, mistari yako iko wapi?"

"Mistari gani?"

"Ya vidole."

"Imekwenda na korosho."

Nyuma yake alikuwepo Bi Zuhra, Myao, mtani wa ukoo mzima wa Mwamini, ambao ni Wamwera, mwanamke ambaye hajawahi kuacha nafasi ya utani ipite bure. "Mkamateni!" akapiga kelele. "Huyo ndiye mwizi mnayemtafuta nchi nzima! Wamwera wote wameshafuta vidole, na kuku wangu wanne hawajulikani walipo!"

Foleni ikacheka. Edwin hakucheka, alikuwa na kata nyingine ya kumaliza. "Mfumo haupokei shamba bila kidole," alisema. "Nyumbani hakuna mtu mwenye kidole kinachosoma?"

Hapo ndipo lilipofanyika kosa, na ni kosa ambalo mtu wa mahali pengine asingelifanya. Katika nyumba kama ile, mume ndiye anayetumwa serikalini. Mikutano anakwenda yeye, sahihi anaweka yeye, kisha anarudi kumweleza mwenye mali alichokubali. Anatumwa kama anavyotumwa mashineni na debe la mahindi, na hakuna anayefikiri kwamba kwa kubeba debe amekuwa mwenye mahindi. Mwamini alimtazama kaka yake Bakary, ambaye kama mjomba wa Yasmini ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mali ya tumbo lao. Bakary akasema, "Mkwe si mtu wa kutukimbia." Basi Mwamini akamgeukia mumewe.

"Nenda kaniwekee kidole."

Kaimu akaenda. Mashine ilimpenda mara moja. Ikalia mlio mwingine, wa furaha, na mwanga ukageuka kijani.

Ujumbe uliingia kwenye simu yake kabla hajafika nyumbani: *Ndugu KAIMU, shamba lako la mikorosho limesajiliwa kikamilifu.* Alimpa mtu kijiweni amsomee. Kisha akampa mwingine, ingawa alikuwa anajua kusoma. Lililompendeza zaidi ni neno "lako", na kila msomaji alilitamka kwa namna yake. Hakuwahi kuandikiwa na serikali kabla ya hapo, na sasa imemwandikia, tena kumpongeza. Msimu ule wa kwanza alileta salfa nyumbani kama alivyotumwa. Ila alianza kukaa kwenye kiti, si kwenye mkeka, na siku moja Mwamini alimsikia akimwambia mteja wa baiskeli, "Siwezi leo, nakwenda kukagua mikorosho yangu."

Msimu wa pili salfa haikufika Nkowe. Ilikwenda Malolo kwa Raudha, mjane mwenye mikorosho ambaye siku ya kuandikisha alikuwa msibani. Raudha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mikorosho na hakuwa na salfa, na hali hiyo humfanya mtu aone uzuri hata kwa Kaimu. Kaimu akamuoa, akampulizia mikorosho yake kwa mkono wake mwenyewe, na mikorosho ya Mwamini akaiachia Mungu.

Ugonjwa wa ubwiri unga haubishi hodi. Maua yalitoka vizuri, kisha yakawa kama yamemwagiwa unga wa muhogo, kisha yakawa meusi, kisha yakadondoka. Mwamini alipita chini ya mikorosho ya mama yake akiyakanyaga. Mwaka ule alivuna korosho za kujaza ndoo, na mabibo ya kuwapa mbuzi.

Kaimu alirudi kula, kama ilivyo zamu ya mwenye wake wawili. Mwamini alikuwa uani, bati likiwa motoni, anakaanga hizo za ndoo.

"Salfa yangu iko wapi?"

"Salfa ya nani?"

"Nimekuuliza vizuri, Kaimu."

"Na mimi nimekuuliza vizuri. Soma kwenye simu. Imeandikwa ya nani?"

Mwamini akamwambia jina la kiungo ambacho mama yake Kaimu angetakiwa kukifunga siku ile ya kumzaa. Kaimu alikuwa na pampu ya baiskeli mkononi. Alimpiga nayo mdomoni, meno mawili ya mbele yakatoka na la tatu likabaki linaning'inia. Akampiga mgongoni, akampiga tena, akaendelea mpaka pampu ikapinda na kuwa haifai kwa kazi yoyote. Alipoinama kuitazama pampu, kwa masikitiko ya fundi, Mwamini alilishika bati la moto kwa mikono yake miwili mitupu, akalinyanyua, akammwagia korosho zinazowaka kuanzia shingoni kwenda kifuani.

Mafuta ya korosho hayamwagiki yakaisha, yananata. Kaimu alikimbia mpaka kisimani akiwa anatoa moshi, na wanawake waliokuwa wanachota maji walidhani ni kitu kingine, wakakimbia pia. Ngozi ya kifua ilitoka na shati. Alipona, na kwa muda mrefu alilala chali. Talaka aliituma kwa ujumbe wa simu, na Mwamini akampa Bi Zuhra amsomee.

"Tatu kwa mpigo," alisema Bi Zuhra. "Huyu mwanamume hajawahi kuwa mkarimu hivi."

Mwamini aliondoka na bodaboda kwenda ofisini kwa Edwin, kinywa kikiwa bado kimevimba. Alitaka jambo moja tu, na alilieleza kwa maneno machache: mume amekwisha, basi na kidole chake kitoke kwenye mikorosho ya mama yake kabla salfa nyingine haijagawiwa. Msimu mmoja mikorosho huvumilia. Ikikosa mara mbili, wenye mikopo na wenye mashoka huanza kupita shambani wakijifanya wamepotea njia.

Edwin aliangalia kwenye kompyuta. "Mama Yasmini, nakuelewa sana. Ila mfumo haujui talaka."

"Unajua nini?"

"Unajua kidole."

"Basi niandikie lalamiko."

"Lalamiko nalo linaingia humohumo. Likishaingia, linathibitishwa na mlalamikaji." Akakohoa. "Kwa dole gumba la kulia."

Wote wawili waliutazama mkono wa Mwamini uliokuwa juu ya meza.

"Lalamiko lako nimelisikia, mama."

"Umelisikia au umelipokea?"

"Nimelisikia."

Siku ya mgao, watu wa Nkowe walifika ghalani kabla jua halijatoka, wakapanga foleni kwa namna yao: kila mmoja aliweka kandambili, jiwe au tawi mahali pake, kisha akaenda kukaa kivulini. Foleni ilikuwa ya viatu. Kiatu kikiwa kwenye mstari, mtu wake yupo, hata kama amelala. Kobazi la Kaimu lilikuwa karibu na mbele. Alikuwa amekuja na toyo, pikipiki ya magurudumu matatu ya kubebea mizigo, kutoka Malolo, pamoja na kaka wawili wa Raudha, na mmoja wao alikuwa ameshika bomba la chuma la mashine ya kupulizia, akisema limeharibika na anatafuta fundi.

Bakary alitoka Nachingwea kwa baiskeli bila kushika kitu, kwa sababu alikuja kuzungumza. Mwamini alikuja na panga la kupogolea. Hakuna aliyelishangaa, maana ulikuwa msimu wa kupogolea na nusu ya foleni ilikuwa na mapanga.

Bakary alimfuata Kaimu penye viatu. "Shemeji, tuzungumze."

"Shemeji wa nani? Dada yako si nimemwacha?"

"Sawa. Basi na mikorosho umeiacha."

"Mikorosho inanitambua." Kaimu akatoa simu, akamwonyesha ule ujumbe, ambao alikuwa ameutunza muda wote huo. "Soma. Au kwenu kusoma nako mnatuma wakwe?"

Bakary aliipiga ile simu ikaruka. Kaimu akampiga kichwa puani, na damu ilikuwa bado haijafika kidevuni pale bomba la chuma lilipopata kazi. Pigo la kwanza lilivunja mfupa wa juu ya kifua, watu walisikia. La pili lilimpata sikioni. Bakary alianguka kifudifudi juu ya viatu vya watu, na wale ndugu wawili wakaendelea kumpiga mateke mbavuni kwa utaratibu, mmoja kulia, mwingine kushoto, kama watu wanaotwanga kinu kimoja.

"Msimwue hapo!" Bi Zuhra akapiga kelele. "Mnamwaga damu kwenye kandambili zangu! Mvuteni pembeni!"

Ulikuwa utani, lakini walimvuta pembeni. Watu walisimama kila mmoja kwenye kiatu chake, kwa kuwa vurugu ni vurugu lakini salfa ilikuwa haitoshi, na aliyetoka kwenye mstari kuamua ugomvi angerudi mwisho. Foleni ilijipinda kidogo kuwapisha wanaopigana, kisha ikanyooka. Mwamini alijaribu kumkinga kaka yake, akapigwa teke la tumbo, akakaa chini, akatapika. Aliokota panga lililomtoka mkononi. Akaenda kusimama ng'ambo ya pili ya meza.

Edwin alikuwa ameona yote. Rangi yake ilikuwa imebadilika, na sauti haikuwa yake. Lakini alikuwa mtu aliyefundishwa kuhudumia.

"Anayefuata," alisema.

Aliyefuata alikuwa Kaimu. Alifika akihema, ameloa jasho, kifua cha shati kiko wazi na makovu ya mafuta yanang'aa.

"Kaimu, usiweke," Mwamini alisema.

"Nisiweke nini?"

"Kidole. Hapo si chako. Ulitumwa."

"Nilitumwa," alisema Kaimu, "nikafika."

Foleni ikacheka, hata waliomuonea huruma Bakary. Lilikuwa jibu zuri, na Kaimu mwenyewe aliona kwamba ni zuri. Lilimpa moyo.

"Ukiweka nakikata."

"Kata! Si ndiyo kazi yenu, ukoo mzima?" Akaweka dole gumba la kulia kwenye kioo, akakandamiza, akatanua vidole vilivyobaki juu ya meza ili Mwamini aone vizuri atakata kipi.

Mwamini alikuwa amepogolea mikorosho kila mwaka tangu apate nguvu za kushika panga. Tawi linakatwa karibu na shina, mara moja, bila kurudia, ili mti usipasuke. Akakata hivyo. Panga lilipita kwenye nyama na mfupa likazama kwenye mbao.

Mkono uliondoka. Dole lilibaki kwenye kioo.

Mashine ilikuwa katikati ya kusoma. Ikamaliza. Mwanga ukageuka kijani, ule mlio wa furaha ukasikika, na sauti ya kike iliyorekodiwa mbali sana na Nkowe ikasema, "Umethibitishwa. Asante." Risiti ikatoka.

Kaimu aliutazama mkono wake ukirusha damu kwenye meza, kwenye karatasi, kwenye shati la Edwin, kama mtu anayeangalia bomba la jirani limepasuka. Halafu akalia. Ndugu wa Raudha wakamrukia Mwamini. Alilichomoa panga mezani, akampata mmoja kwenye mkono kati ya kiwiko na kiganja, nyama ikafunguka nyeupe kabla ya kuwa nyekundu. Mwingine akamshukia na bomba: begani, mgongoni, na kwenye mkono wa panga, ambao ulivunjika mahali pawili. Mtu akamtupia jiwe yule mwenye bomba, jiwe likampata mtu mwingine, mwingine huyo naye alikuwa na ndugu. Sasa foleni ikavunjika kweli. Mfuko wa salfa ulipasuliwa, unga wa njano ukapanda, ukaingia machoni, na watu wakaanza kupigana wamefumba macho, kila mtu akipiga palipo na sauti. Edwin alikuwa chini ya meza.

Aliyebaki na akili yake ni Agapiti, mtunza ghala, mtu wa Masasi, mwenye miaka mingi ya kazi na jambo moja analoliamini. Alisimama mlangoni na kitambaa puani.

"Risiti imetoka!" alitangaza. "Risiti ikitoka, mzigo unatoka! Nani ana risiti?"

Mwamini alikuwa nayo. Alikuwa ameing'oa kwenye mashine kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa mkono ule ulikuwa umeushikilia wa kulia uliovunjika, risiti alikuwa ameiuma kwa meno yaliyobaki. Agapiti aliichukua, akaipangusa, akasoma jina, akamtazama aliyeileta, akatafakari utaratibu, akafungua ghala. Bi Zuhra na wanawake wengine wawili walijitwisha mifuko na kuondoka nayo kwa hatua za watu wasio na haraka. Mwamini alikaa chini karibu na kaka yake kuwasubiri polisi.

Dole lilikuwa bado liko kwenye kioo, na foleni ilikuwa bado haijaisha. Edwin alikataa kulishika. Agapiti alilitoa kwa nailoni, akasafisha kioo kwa mate na kona ya shati, akajaribu kwa kidole chake mwenyewe kuona kama kinasoma. Kilisoma. Baada ya adhuhuri watu walirudi kwenye viatu vyao, waliovipata, na zoezi likaendelea mpaka mwisho kwa amani na utulivu.

Mwalimu wa madrasa alisema kiungo cha Muislamu hakitupwi, kinazikwa. Tatizo lilikuwa kizikwe kwa nani. Kaimu alikuwa hospitali ameshonwa na amelazwa. Ndugu zake wa Narung'ombe walisema kipelekwe Malolo, ndiko anakoishi. Watu wa Malolo walisema kimekatwa Nkowe, kizikwe Nkowe. Bi Zuhra akakata kipande cha bafta ya sanda, akalifunga lile dole kwa heshima zote, kisha kama mtani akagoma kulitoa mpaka apewe kuku, kwa madai kwamba na marehemu mdogo ana haki yake. Alipewa kuku. Dole lilizikwa pembeni ya shamba la Mwamini, kwa maelezo kwamba kwa mujibu wa serikali hilo ndilo mwenye shamba.

Mahakamani Mwamini aliulizwa kama alikusudia.

"Nilimwambia kabla," alijibu.

Alidhani anajitetea. Alifungwa. Bakary aliishi, na sasa ukitaka akusikie unakaa upande wake wa kushoto. Aliyekuwa na bomba alifungwa pia, muda mfupi zaidi, kwa kuwa bomba halikuwa na makali.

Yasmini alifunga biashara yake stendi, akaenda Nkowe, akaazima mashine ya mgongoni na kupuliza salfa ile yote alfajiri, wakati majani yana umande na upepo haujaamka, macho yamemvimba kama aliyepigwa. Alipokwenda kumtembelea mama yake gerezani, walikaa na mkono wa Mwamini ulioungana vibaya ukiwa katikati yao.

"Imebeba?"

"Imebeba, mama."

"Ubwiri?"

"Haukuigusa."

Mwamini akaitikia kwa kichwa mara moja. Hakuuliza habari za mtu yeyote.

Kaimu aliuliza. Kidonda kilipokauka, alisikia mikorosho ya Nkowe imebeba kwa salfa iliyotolewa kwa jina lake, kwa dole lake, naye hajapata hata kijiko. Akapanda bodaboda kwenda ofisini. Ilikuwa wiki moja kabla ya mheshimiwa kusimama mbele ya vipaza sauti. Edwin alikuwa ameomba uhamisho. Kwenye kiti chake alikuwepo afisa mpya, Beatrisi, dada msikivu, ambaye alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akasema kwamba kwa kweli ameonewa na lalamiko lake ni la haki kabisa. Aliliandika lote kwenye kompyuta, akalisoma tena kwa sauti, Kaimu akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kisha Beatrisi akamsogezea ile mashine ndogo yenye mwanga mwekundu, na kumwomba athibitishe.